Kisubi cha Kitaluni

Bi Raya alimbamiza ukutani, akasema: mbu.
Mwanawe akasema: usubi, leo tutakesha tukijikuna.
Lakini hakuna aliyejikuna.
Wiki nzima kitalu chetu cha Mtambwe kilijaa vidoa vyeusi vyenye mbawa,
na ngozi zetu zikabaki safi kama sahani ya mgeni.

Nikamnasa mmoja kwa karatasi ya njano niliyoipaka gundi,
nikamtazama kwa kioo alichoniachia Shaame wa Kilimo
(kimepasuka ubavuni, ila kinaona kunishinda).
Miguu mirefu, inaning'inia, utadhani ya kuazima.
Vipapasio viwili, punje kwa punje, kama tasbihi.
Nikatafuta sindano mdomoni: hamna.
Na kwenye bawa, mshipa unapanda, unakaribia ncha,
unagawanyika.
Njia panda.
Hapo nikamjua.

Haruki mbali. Ukimwaga maji huinuka shubiri moja,
huyumba, hurudi palepale
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Siku saba, nane. Akifika kumi, kaishi.

Basi nani kaninyaushia miche ya mikarafuu?

Nikakata kiazi, kipande kibichi,
nikakilaza juu ya udongo.
Asubuhi ya tatu nikakigeuza.
Walikuwapo watoto wake, wamelowana na utomvu,
mwili kama kioo, hata mlo unauona ukipita,
na kichwa kimoja cheusi, kinang'aa,
kama cha pini ya buibui la Bi Raya.

Chakula chao kuvu. Wala hawakuja kwa ajili ya mkarafuu.
Lakini wakizaana, kuvu ikawa haiwatoshi,
hushuka kwenye vizizi,
vile vya unywele, ambavyo mche haujajua hata kuvitumia.

Na kuvu aliialika nani?

Kopo alfajiri. Kopo adhuhuri. Kopo baada ya alasiri.
Samadi ambayo haijaiva, nikaitandika kama godoro la arusi.
Kila jani lililolegea nikaliongezea maji,
likalegea zaidi,
nikaliongezea.

Sasa nangoja udongo ukauke, pingili moja ya kidole.
Bi Raya anapita na ndoo: mbona huwanyweshi, wewe mwanamke una moyo gani?
Simjibu. Nina daftari mapajani.
Waliokufa: mia mbili na kumi na moja.
Sababu: nilikuwa nimeandika *mdudu*.
Nimekata mstari.
Kisubi ametua juu ya ukurasa, anatembea pale palipo wazi,
nami nashikilia kalamu mpaka apite.