Tafsiri ya Uongo

Hilo jina la kwenye mabango sisi lilitushinda.
Kwetu Makupa alikuwa Sukini,
binti wa Mzee Fung aliyenunua majongoo ya bahari,
akayachemsha uani, akayaanika juu ya mabati,
hata majirani wakaenda kwa chifu kulalamika
kwamba harufu imeingia mpaka kwenye sukari.

Nyumbani walisema Kikantoni. Nje alisema Kimvita,
na akitukana, usingejua mgeni ni nani.
Alikuwa na miaka tisa, meno ya mbele hana,
siku Bashrahil wa video alipomkuta akinunua mabuyu.
"We mwana, Kichina wakijua?"
"Nakijua."
"Njoo basi."

Chumba cha video kilikuwa nyuma ya gereji:
mabenchi sita, feni yenye kikohozi, shilingi mbili kuingia.
Nami hapo mlangoni na beseni langu la mihogo ya kukaanga,
kwa hivyo nikisimulia, nasimulia niliyoyasikia.
Kanda ilikuwa ya mapanga na theluji.
Sukini akapandishwa juu ya kreti ya soda, ubavuni mwa televisheni.

Mzee wa ndevu nyeupe akanena. Watu wakamtazama Sukini.
Sukini kimya.
Kumbe kile kilikuwa Kichina cha kaskazini,
na yeye akikijua kama mimi nijuavyo Kisomali:
salamu, na bei ya maziwa.
Nilimwona akimeza mate.
Kisha akakunja uso, akaivuta sauti toka kisiginoni:
"Asema, ni nani aliyekula samaki wangu wa kupaka?"

Benchi moja lilivunjika kwa kicheko.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi.
Malkia akadaiwa kodi ya nyumba Kisauni.
Majambazi wakagombana juu ya posa.
Lakini kulikuwa na askari mmoja, kijana,
alikatwa akaanguka thelujini, midomo yatikisika tu,
na Sukini hakutafuta kichekesho.
Alisema polepole: "Mwambieni mama, dukani kwa Karama
kuna deni langu la shilingi thelathini.
Asilipe. Nitakuja kulilipa mwenyewe."
Wapakuzi wa Kilindini, watu wa mabega, walifuta macho kwa fulana.
Nyuma kabisa aliketi baharia wa meli ya Shanghai,
Kiswahili hajui hata neno; naye alikuwa akilia.
Bashrahil akanigusa: "Waona? Tafsiri ni sahihi."

Baadaye bei ya majongoo ikaanguka, Mzee Fung akafunga mizigo.
Hong Kong. Sukini ana miaka kumi na mitano.
Barua moja tu ilinifikia, wino umevuja:

Mwanzo nilikuwa maiti, mara nne.
Mwongozaji alisema nafa vizuri.
Sasa nimepewa mjakazi, maneno mawili: chai tayari.
Jana walitaka nilie, machozi yakakataa.
Nikalikumbuka deni la yule askari.
Hapo hawakuweza kuninyamazisha.
Mihogo bado waiuza?

Bado, nilimjibu. Sijui kama ilifika.

Juzi Swabra, mjukuu wangu, alinionyesha kwenye simu
mwanamke wa makamo amesimama kibarazani, mvua yanyesha,
nywele zimechanganyika mvi, mkononi ana bahasha.
Nilimjua kwa alivyomeza mate.
"Nyanya, asema nini?"
Maandishi ya tafsiri yalikuwapo chini, meupe, safi kabisa.
Nikayafunika kwa kidole gumba.

"Asema," nikamwambia, na sauti ikatoka mbali,
"zile shilingi thelathini, amekuja nazo."