Mvi za Panda la Uso

Hina ya Chake ilizipa rangi ya karoti.
Piko la Darajani lilidumu Ijumaa mbili;
ya tatu zikachungulia,
zimesimama kama wageni wasiotaka kukaa kitako.

Msusi wa Mtemani alinichoma ngozi.
Wa Limbani alinisifu, akala pesa.

Ndipo Ghanima, nyuma ya duka la mafuta ya taa, Wete,
akanishika kichwa kama anayechagua nazi:
"Hizi zilianza lini?"

Nikahesabu.
Mwezi aliozikwa Kombo.

Hakunipa pole. Alikoroga hina kwa chai ya rangi,
akatia karafuu kidogo, akapaka kisogo, akapaka utosi,
akafika pale,
akafuta kidole.

"Hizi mie sizigusi."

Nikalipa kamili.
Njiani, ushungi nikaufunga legelege.