Stadi ya Sita

Saa tatu asubuhi, Kariobangi, upande wa mafundi wa kuchomelea,
Nyabuto kaegesha lori. Injini inakohoa
kama mtu aliyelala na jiko la makaa chumbani,
moshi unatokea ubavuni, si pale unapostahili.
Vitunguu vya Loitokitok vinanuka chini ya turubai.
"Fundi, kesho niwe Busia, au mwenye mali anifute."

Nikafungua manifoldi.
Tatu zilitoka kwa adabu, ya nne kwa matusi.
Ya tano ilikatika ikaacha kisiki cha urefu wa ukucha.
Kisiki kina pa kushikwa: nikakivisha nati,
nikachomelea katikati, vikawa mwili mmoja kama kanisani,
kisha nikangoja wekundu uondoke.
Vijana huharibu hapo, pa kungoja.
Nikagusisha mshumaa, nta ikayeyuka, hesi ikainywa.
Robo mbele, robo nyuma.
Robo mbele,
robo nyuma.
Ikalia kidogo. Ikaja.

Ya sita haikuwa na kisiki.
Ilikatikia ndani, ikafukiwa kwa moto,
juu ikapakwa rangi ya fedha, kaburi la tajiri.
Nikapiga senta, nikaweka keekee:
ikateleza ikipiga mluzi. Chuma hiki si cha stadi.
Mtu alivunjia kizibuo chake humu,
akafunika, akapokea pesa, akasema "tayari."

"Mshenzi gani huyu?" Nyabuto akauliza.

Nikaokota gaskiti kuukuu, bati la mkebe wa mafuta ya kupikia.
Ukingoni, kila inchi, pana kijino.
Mkasi wa Mwelu wa kushonea, wenye pengo,
alioniazima mwaka ule wa deni la karo,
mwaka ambao kila lori lilitoka hapa "tayari."

Sikumjibu. Nilisema tu bei haipandi.

Umeme ukapotea saa kumi, ukarudi usiku.
Nilichokoa kwa tindo nyembamba, chembe kwa chembe,
nikipuliza vumbi kwa mrija wa kalamu,
tochi mdomoni, mate yakinidondoka kifuani.
Lugha yetu ina mzaha wake: stadi ni chuma chenye hesi,
stadi ni mtu anayejua kazi.
Nilikuwa na muda mwingi wa kulifikiria hilo.

Ilitoka saa saba usiku,
nyeusi, imepinda, ndogo kuliko nilivyoiogopa.
Nikasafisha hesi, nikatia mpya, nikakaza kwa mkono mwepesi.

Alfajiri injini ikanguruma bila kikohozi.
Nyabuto akatoa noti. Nikamwambia,
"Yule mshenzi ni mimi."
Akanitazama. Akahesabu upya,
akarudisha mbili mfukoni,
kisha moja akaitoa tena, akanipa, akapanda.

Kipande cha kizibuo nimekitia katika mkebe wa nati.
Kila nikitafuta nati ya kumi na tatu
kinanidunga kidole.