Hodi Mara Tatu

Chumba tumepanga nyuma ya duka la madaftari,
Newala, mkabala na ghala la chama cha msingi.
Msimu huu vumbi la magunia linaingia hadi kwenye kibodi,
herufi ya H inagoma, sharti uibonyeze kwa hasira.

Zamani kila mtu alikuwa na lango lake.
Mimi niliandika langu la kuulizia bei ya mnada,
Shaweji lake la malipo ya simu,
Nampota wa Tandahimba lake la mvua,
na yule wa Nachingwea tusiyemjua sura
alikuwa na manne, yote yanavuja.
Kampuni ikibadili kufuli kule Dar es Salaam
tunakesha wote, kila mtu peke yake,
tukichonga ufunguo uleule,
kama akina mama wanaoshuka bondeni kuchota maji
na kila mmoja ana njia aliyoifyeka mwenyewe.

Ndipo Somoe akasema:
tuandike maktaba moja ya msimbo.
Isiwe ya mtu. Iitwe Hodi.

Hodi inabisha, inajitaja jina,
inasema shida yake kwa ufupi,
inasubiri mlangoni, haichungulii dirishani.
Ikipewa inapokea, inashukuru, inaondoka.
Haya hatukuyasoma chuo.

Siku ya mnada wa tatu tulifungiwa.
Shaweji alikuwa ameandika mzunguko usio na kikomo,
hodi hodi hodi hodi, mara elfu kwa dakika,
na seva ikatuona wezi, ikatia komeo.
Mama yangu, mwenye kilo mia nne na kumi ghalani,
akapiga kutoka Kitangari:
"Ile bei yenu imekufa?"
Nikamweleza kadiri nilivyoweza.
Akacheka mpaka akakohoa.

"Mara elfu? Nani aliwalea?
Hodi ni tatu. Usipojibiwa, rudi kwako.
Uende tena kesho. Ukikosa, acha siku mbili,
ukikosa tena, acha nne.
Mwenye nyumba naye ana usingizi."

Mistari kumi na mmoja.
Somoe aliiandika palepale, muhogo mkononi,
na juu yake akaacha maelezo:
*Kanuni hii ni ya Bi Sijaona, mkulima. Usiifute.*

Kisha akaja mtu na gari safi.
Anainunua yote, alisema, jina na mlango,
wengine watalipia kila hodi.
Akataja kiasi. Feni ikasikika.
Shaweji ana deni la pikipiki na mtoto wa wiki tatu,
sikuweza kumtazama.
Nampota, ambaye baba yake aliuza korosho
zikiwa bado maua,
alisema neno moja: "Kangomba."
Akatoka nje.

Siku mbili Shaweji hakuja, wala hakupokea simu.
Siku ya tatu tulikuta faili jipya, linaitwa leseni,
limetumwa saa tisa usiku:

Chukua bila kulipa, utumie utakavyo,
Ukikuta ufa hapa, uuzibe uwezavyo,
Majina yetu kutupa, ni haramu ujuavyo,
Hodi haiuzwi debe, hodi haina kangomba.

Hatukumuuliza kitu.
Deni lile bado analilipa.

Juzi kiraka kimetoka ng'ambo ya Ruvuma,
Mueda, maelezo yote kwa Kimakonde.
Shaweji akayasoma kwa sauti, polepole,
akanyoosha kosa langu la mwaka jana
ambalo nilidhani hakuna aliyeliona.

Jioni hii naandika toleo jipya.
H bado inagoma.
Nabonyeza mara moja, ya pili, ya tatu.
Kimya.
Nainuka, nabandika chai.