Kichwa cha Mama wa Mfalme

Chuoni aliiona pichani, mama wa mfalme wa Benin:
shanga zimepanda shingo hadi kidevuni,
nywele zimechongoka kama mdomo wa kasuku.

Usiku, Nianjema, Mwinshehe akafinyanga nta
kwa uso wa bibi yake, Bi Mwanjaa,
ambaye hakutawala kitu
ila foleni ya bombani.

Chunguni: kitasa, koki mbili,
sinia la harusi lililotoboka.
Nta ikachururika nje ya udongo,
uso ukapotea;
shaba ikaingia kuutafuta gizani.

Alipovunja udongo, sikio moja halikujaa.
Akainama kwa aibu.

Bi Mwanjaa akalipapasa.
"Ndilo hilo. La kushoto.
Halisikii tangu masika yale.
Ila hizi shanga, mwanangu,
nani atazilipa?"