Kibao cha Pande Mbili

Upande mmoja nyekundu: SIMAMA.
Upande wa pili kijani: PITA.
Bati la duara, mpini wa mkaratusi,
nimeuviringishia kitenge pale vidole vinaposhika,
maana kutwa nzima juani
si mchezo kwa kiganja.

Mwezi wa tano huu tunakula vumbi la Kishiri.
Walianza wapimaji na vigingi vyao,
wakaliandika nambari jiwe la kwa Masalu
kama wanaliandikisha shule.
Wakaja watoboaji. Ikaja honi ndefu,
kisha kimya cha kuhesabu hadi ishirini,
kisha jiwe tulilodhani limeishika dunia
likakaa chini, vipande vipande.
Pimbi walikuwa wamehama siku tatu kabla.
Sijui nani aliwaambia.

Sasa njia ni moja, foleni mbili,
na mwenye kibao ni mimi, Milembe,
niliyefeli hesabu kidato cha pili.
Nikigeuza, Igoma inapumua,
Buhongwa inazima injini.
Redio ya kifuani inakoroma: funga, Milembe. Fungua, Milembe.
Ni Rutashobya, msimamizi, kivulini kwenye kontena.

Dereva wa Fuso la sangara alishuka,
akanishika mkono hadi nyuma ya gari:
barafu inachuruzika, tone, tone.
“Dada, hayo si maji. Hiyo ni ada ya mwanangu.”
Bibi harusi alishusha kioo
akauliza kama shela imeshika vumbi.
Nikamwambia hata kidogo.
Mungu anisamehe, lilikuwa na rangi ya tofali.
Jeneza sikuruhusiwa kulipisha,
nalipisha.
Mjamzito juu ya bodaboda, vilevile,
redio na ikorome.

Nyanzobe peke yake haombi barabara iishe.
Anapita dirisha kwa dirisha na beseni la mihogo,
pilipili kwenye chupa iliyotobolewa kizibo.
“Wachelewe kidogo tu,” ananinong’oneza,
“foleni hii imenifikisha kwenye lenta.”

Nyumbani kwetu greda lilipita chini ya kizingiti.
Zamani ulifungua mlango ukakanyaga nje.
Leo nje iko chini, urefu wa watu wawili,
na ukuta wa udongo mwekundu unaonesha mizizi
ambayo hatukupaswa kuiona.
Kaka amegongomea ngazi ya miti.
Mama huishuka kinyumenyume,
uso kwa mlango,
kama anayeiaga nyumba kila asubuhi.
Fidia? Karatasi ipo. Ina mhuri.
Ameitia kwenye kopo la chumvi isilowe.

Jumanne usiku walimwaga lami ya kwanza.
Harufu ilipanda hadi kwenye mawe ya juu,
watoto wakatoroka vitandani.
Mama akashuka, ngazi kumi na moja,
akavua kandambili, akajaribu kwa dole gumba.
“Ina homa,” akasema.
Akasimama hapo muda, kitenge kifuani,
akiangalia ule weusi ulionyooka
hadi pale taa za mitambo zinapoishia.
Nilidhani atauliza habari ya ngazi.
Akauliza:
“Hii ikiisha, wewe utasimama wapi?”

Sikuwa na jibu la saa ile ya usiku.
Nilibeba kibao begani, nikapanda naye,
nikakiegesha ukutani nje ya mlango,
pale palipobaki pa kuegesha kitu.

Asubuhi nikakuta amekilaza chini,
amekianikia dagaa, kijani kikiwa juu,
wamepangwa vichwa upande mmoja
kama magari ya saa moja kasoro.
Nikakung’uta, nikakimbia.
Siku hiyo paka wa Kishiri walinifuata hadi kazini,
redio ikakoroma, nikageuza, nikageuza,
na foleni yote, kutoka Igoma hadi kwenye kona,
ikanuka ziwa.