Shimo la Mkopo

Katika shamba la Attracta Feely, kaunti ya Leitrim,
kuna tuta la udongo la hatua mia nne na sitini.
Nimelipima kwa miguu, mara mbili, mvua ikininyeshea.
Linaanzia kwenye ua wa miiba, bila sababu,
linakwenda sawasawa kama mtu aliyeitwa,
kisha, mtoni kukionekana, linakoma.

Huku hakuna kingine kilichonyooka.
Njia inazunguka kinamasi, ukuta unazunguka jiwe,
hata mazungumzo huanzia kwenye mvua,
yakapitia kwato za ng'ombe na mazishi ya jirani,
ndipo yafike kwenye deni ulilolijia.
Tuta tu ndilo linalosema lake waziwazi,
halafu likameza neno la mwisho.

"Reli," anasema Attracta, akinyoosha fimbo,
ingawa hakuna chuma kilichowahi kulazwa hapo.
Nyanya yake alisema hivyo hivyo:
Nenda relini ukalete ndama.
Shuka zimeanikwa relini.
Baba yenu kalala relini, msimwamshe.
Alikuwa na miaka minane alipoona reli ya kweli, mjini Sligo,
akauliza mbona haina nyasi.

Kando ya tuta kuna kidimbwi, maji meusi kama chai iliyosahauliwa.
Ramani yangu inakiita shimo la mkopo:
udongo ulikopwa hapa, ukainue kule.
Kukopa harusi, kulipa matanga,
lakini huyu bwana harusi hata hakufika.
Kampuni ilifilisika mwezi wa Novemba.
Msimamizi akaondoka usiku, kwa farasi wa kukodi,
na kitabu cha mishahara kwapani.

Wachimbaji walipata habari asubuhi.
Siku tatu zaidi waliendelea kuchimba,
kwa mazoea, au kwa imani,
au kwa kuwa sepetu ikiwa mkononi
njaa hunyamaza kidogo.
"Njoo uone," anasema, akitangulia,
buti zikifyonza tope.
Mita kumi za mwisho ni nyembamba,
mabega yake yameporomoka, kimo kinashuka.
Sikuhitaji kipimo.
Ni kazi ya watu waliokwishajua.

Babu wa baba yake, Peadar, alikuwa mmoja wao.
Alijilipa toroli.
Mbao zilikwenda jikoni majira ya baridi kali,
sanduku lake likawa kitanda cha mtoto, baadaye kiota cha kuku.
Imebaki pete ya chuma ya gurudumu:
imevishwa kwenye nguzo ya lango,
ndiyo kufuli ya shamba zima.

Sikuja kusikiliza haya.
Nilikuja na fomu, kurasa sita, kutoka ofisi ya mifereji:
tuta lisawazishwe, shimo lijazwe,
udongo urudi ulikotoka
na serikali igharimie dizeli.
Niliona ni jambo jema. Nililiona hata kuwa zuri:
mkopo, baada ya miaka mia moja na zaidi, umelipwa.

Anasoma taratibu, miwani ikiwa na ufa.
Chura analia shimoni, mwingine anamjibu.
"Hizo mita kumi," anauliza, "mmeziandika wapi?"
Natafuta. Kuna nafasi ya urefu, upana, aina ya udongo,
kuna nafasi ya jina la mmiliki.
"Zimo ndani ya jumla," nasema.
"Hata wao waliambiwa hivyo."

Hakuikataa fomu. Aliikunja mara nne,
akaitia mfukoni pamoja na kamba na kisu,
akasema ng'ombe wanangoja.
Na kweli walikuwa wakija, juu ya tuta, mmoja nyuma ya mwingine,
kwa kuwa huko juu ni pakavu,
wasijue mtu, wasijue kampuni.

Niliinua pete nikatoka, nikaishusha tena nguzoni.
Baridi yake ilibaki kiganjani hadi njia panda.
Ofisini niliandika: eneo limekaguliwa.
Chini yake, kwa penseli,
siku tatu.